Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu mbwa wa sledi na vijibwa vya ndani

Kila nikiposti picha ya mbwa kwenye stetasi maswali yanakuja yale yale, ya Tanga, ya Nairobi, ya ndugu zangu wa Minnesota, nimechoka kujibu moja moja kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Kwa msionijua, mi ni mtu wa Tanga, naishi Alaska nje kidogo ya Fairbanks, nafanya kazi kwenye keneli (makazi ya mbwa) yenye mbwa 38 wa kuvuta sledi, yaani kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, halafu nikirudi nyumbani nna kijibwa kimoja aina ya pomerania, kilo tatu na nusu, anaitwa Pilipili. Yaani mchana nalea majeshi, jioni nalea bosi.

We mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukalee mbwa?

Hili ni la mama, aliniuliza mwaka wa kwanza na mpaka leo anauliza. Ndio mama, na wananilipa. Kazi yenyewe naanza saa kumi na mbili asubuhi na ndoo ya supu: maji ya moto yametiwa vipande vya nyama na mafuta, kwa sababu kwenye baridi ya chini ya sifuri maji matupu mbwa anayanusa tu anaondoka, halafu yanaganda, ila ukitia harufu ya nyama anakunywa yote fasta kabla hayajawa barafu. Baada ya hapo naokota kinyesi, ambacho baridi ikiwa kali kinakuwa mawe, hata hakinuki, kazi safi kabisa. Theluji ikianza kuyeyuka mwezi wa nne ndio utajua ulikuwa unaokota nini.

Ni haski wote?

Ni haski lakini sio wale wa kwenye picha wenye macho ya bluu. Wale ni haski wa Siberia, asili yao ni kwa Wachukchi kule mashariki ya mbali ya Urusi, ndio waliowafuga kabla hawajaletwa huku. Mbwa wengi wa mbio siku hizi ni haski wa Alaska, ambao ukitaka cheti cha ukoo hupati, ni mchanganyiko waliozaliana wakichaguliwa kwa miguu, hamu ya kula na moyo, sura haina kazi. Ndio maana mgeni akija anashangaa, alitegemea kuona jibwa kama ndama anakuta kijimbwa chembamba cha kilo 20 au 25 masikio moja juu moja chini. Jitu kubwa lenyewe ni malamuti, linagonga kilo 35 mpaka 40, lile la kuvuta mzigo mzito polepole, fikiria lori na haski fikiria bodaboda.

Hawateseki jamani, baridi yote hiyo?

Hili silipuuzi, maana hata Marekani hukuhuku kuna watu wanapinga kabisa mashindano ya sledi na hoja zao nyingine zina mashiko. Mbwa wamewahi kufa kwenye Iditarod, ile mbio ya Anchorage mpaka Nome, kama kilomita 1,600, inafanyika tangu 1973. Na zipo keneli ambazo mbwa anashinda kwenye mnyororo wiki nzima hajatoka, hizo mi sizitetei.

Ila baridi yenyewe si tatizo lao. Wana manyoya tabaka mbili, la nje refu la kuzuia theluji na la ndani sufi kabisa, akilala anajikunja duara anafunika pua na mkia, unamwagia majani makavu kwenye kibanda chake basi umemaliza. Nimewahi kukuta asubuhi digrii 40 chini ya sifuri (hapo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, ni namba moja) mbwa mmoja kaacha kibanda kalala juu ya paa lake. Makusudi.

Kinachowatesa ni joto na kukaa bure. Kwenye mbio ndefu mbwa mmoja anaweza kuchoma kalori 10,000 kwa siku, mtu mzima anakula 2,000 na kitu, kwa hiyo wanalishwa mafuta mengi mno, samaki, nyama, ngozi ya kuku. Iditarod ina mapumziko ya lazima, moja la masaa 24 na mawili ya masaa 8, na madaktari wa mifugo wanakagua njiani. Soksi nazo ni lazima, nyayo zisichanike na barafu. Timu ya mbwa 14 ni soksi 56, na huwezi kuzifunga ukiwa umevaa glavu nene, kwa hiyo unavua, unafunga za mbwa wawili, unaingiza vidole kwapani, unasubiri virudi, unaendelea. Mimi ndio ninayeteseka.

Wanafundishwaje kuvuta?

Kuvuta hakufundishwi, hilo la kwanza. Mtoto wa haski ukimvalisha hanesi, ile mikanda ya kifuani na mabegani, anavuta, wamezaliwa nalo. Unachofundisha ni mengine yote: kusimama, kusubiri, kutotafuna kamba, kumpita mbwa mwingine bila ugomvi, kugeuka unapotaka wewe na sio anapotaka sungura.

Tunaanza akiwa mdogo kwa kuzurura tu, tunatoka na watoto wote porini bila kamba wanaruka magogo, wanavuka vijito, wanajifunza kuitikia jina. Miezi sita hivi tunamvalisha hanesi mara ya kwanza, mwendo mfupi, mzigo hamna, pembeni yake mbwa mzee mwenye hekima asiyetaka upuuzi. Mzigo wa maana mpaka mifupa ikomae, mwaka na zaidi. Wenye haski huko nyumbani mnaowafunga kwenye baiskeli wana miezi mitano mnaharibu magoti ya watu, acheni.

Mazoezi ya msimu yanaanza kabla ya theluji. Mwezi wa nane mwishoni au wa tisa hali ikishapoa tunawafunga kwenye ile pikipiki ya magurudumu manne, injini ikiwa imezimwa au gia ndogo, wanaivuta kwenye matope. Unaanza kilomita tatu, nne, unaongeza taratibu wiki kwa wiki. Ukiharakisha unapata mbwa wenye mabega mabovu mwezi wa kumi na mbili.

Mpangilio: mbele kabisa wanakaa viongozi, hao ndio wanaosikiliza, nyuma yao wa kusaidia kukata kona, katikati wavutaji, na wa mwisho kabisa karibu na sledi ni majabali, wanabeba mshtuko wa sledi ikigonga kitu. Kiongozi si lazima awe mkubwa au mkali. Kiongozi wetu bora ni jike la kilo 19 lenye aibu, mgeni akija linajificha nyuma ya kibanda, ila likiwa mbele kwenye giza njia imefunikwa na upepo linakupeleka.

Halafu kuna ile kelele. Ukitoka tu na hanesi mkononi keneli nzima inalipuka, wanaruka, wanabweka, wanatafuna hewa, unashindwa kusikia unachoongea. Sledi imefungwa kwenye nanga ya theluji, ndoano mbili za chuma. Ukiing'oa ile nanga sauti inakatika papo hapo kama mtu kazima redio, unabaki unasikia miguu na mbao zinavyoteleza. Mara ya kwanza nilidhani nimeziba masikio.

Unawaongelesha Kiswahili?

Nilijaribu. Tulipata watoto watano, na kwenye keneli kuna desturi ya kuwapa watoto wa mama mmoja majina ya aina moja, wengine majina ya jibini, wengine ya magari, wale nikapewa mimi niwape: Chapati, Mandazi, Kachori, Sambusa na Kitumbua. Bosi wangu anamwita wa mwisho Kitambaa mpaka leo nimeshakata tamaa.

Nikataka kuwafundisha “kulia” na “kushoto”. Nikagonga ukuta, maana yote yanaanza na “ku”, na mbwa anakamata mwanzo wa neno na mlio wake, mwisho ushamezwa na upepo. Ndio nikaelewa kwa nini hawa wanatumia “jii” kwa kulia na “hoo” kwa kushoto, moja nyembamba moja nene, haiwezekani kuchanganya. “Haik” ni twende, “on bai” ni pita usiangalie, na kusimama ni “wooo” ya kuvuta huku umekanyaga breki, kwa sababu usipokanyaga breki hiyo “wooo” ni ushairi tu.

Chagueni amri hivyo hivyo hata kwa mbwa wa nyumbani. Fupi, zisifanane, na nyumba nzima mtumie moja. Baba anasema “kaa”, dada anasema “keti”, mtoto anasema “tulia”, halafu mnasema mbwa mjinga.

Mi naishi apatimenti, si bora nichukue kijibwa kidogo, rahisi?

Kidogo kinakula kidogo, hapo umepatia. Kwingine kote nabisha. Kijibwa kidogo ni mbwa kamili, sema kimefungwa kwenye pakiti ndogo. Pomerania ni ukoo mmoja na hao hao haski, mbwa wa kaskazini wenye masikio wima na mkia wa kukunja, zamani walikuwa wakubwa kuliko hivi, malkia Victoria wa Uingereza ndiye aliyewapa umaarufu wale wadogo. Pilipili wangu akiona theluji anapiga mbio za duara kama kichaa, damu haipotei.

Tatizo ni kwamba udogo wao unawafanya watu wawe wavivu. Haski akikurukia utamfundisha wiki hiyo hiyo maana atakuangusha. Chiwawa akikurukia unasema “oo anapenda watu”. Akinguruma mnacheka, mnamrekodi. Anakua anajua kwamba kunguruma ndio lugha, siku moja anang'ata mtoto wa jirani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hawakuweka uzito kwenye hiyo methali.

Na acheni kuwabeba beba. Kila akikutana na mbwa mwingine ukimnyanyua unamwambia kuna hatari, naye anaamini. Mwache atembee, aguse ardhi, anuse, ukiona mbwa wa mbele yuko vibaya simama wewe katikati.

Vitu vya kiafya vya kujua haraka: hawa wadogo koo lao laini, bomba la hewa linabonyea, kwa hiyo kamba ifunge kwenye hanesi sio shingoni. Magoti yao yanateguka, ukiona anaruka ruka na mguu mmoja juu halafu anaendelea kama hakuna kitu ni hilo, mpeleke. Meno yanaoza mapema, piga mswaki kweli. Na wakiwa wachanga kabisa wakikaa njaa masaa mengi sukari inashuka wanalegea, wanatetemeka, wape chakula kidogo kidogo mara nne kwa siku. Wenye pua bapa kama pagi, joto na mbio sio zao.

Ananikojolea ndani, nimempiga hajaacha.

Kwa kumpiga umemfundisha akojoe ukiwa hupo, nyuma ya kochi. Kibofu chake ni kama ndimu, mtoto wa miezi miwili anahitaji kutoka kila masaa mawili, tena mara akiamka, mara akimaliza kula, mara akimaliza kucheza. Mtoe, simama sehemu ile ile, subiri, akimaliza mpe kitu papo hapo, sio mkirudi ndani, mkirudi ndani anajua amezawadiwa kwa kuingia mlangoni. Akikosea ndani safisha na dawa ya kukata harufu ya mkojo, usitumie yenye amonia, kwake inanuka kama mkojo wenzake walishaidhinisha.

Wenzangu wa kwenye baridi: theluji ikimpita kimo hawezi kwenda popote maskini, nimeona watu wanamlaumu. Chukua koleo umchimbie kijiuwanja. Mi asubuhi nachimbia Pilipili choo kabla sijanywa chai.

Mtundu balaa, ametafuna viatu vyote, nimgawe?

Ngoja nikupe kisa. 1925 mji wa Nome ulipatwa na dondakoo, dawa ikawa iko mbali, ndege haziwezi, waendesha sledi 20 wakapokezana kutoka Nenana, karibu kilomita 1,085, siku tano na nusu. Aliyepewa sanamu pale Central Park New York ni Balto, mbwa wa kipande cha mwisho, lakini kipande kirefu na kibaya kuliko vyote aliongoza Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, akiwa na miaka 12, mzee huyo. Sasa Togo alipokuwa mdogo alikuwa mgonjwa mgonjwa, msumbufu, kaumbile kadogo, Seppala akamgawa akawe mbwa wa ndani kwa watu. Akaruka akapasua kioo cha dirisha akarudi mbio keneli.

Sisemi mbwa wako ni Togo. Pengine ni mtafuna viatu tu. Ila mbwa asiye na kazi atajitafutia, na atakayoipata hutoipenda. Tembea naye asubuhi kwelikweli, ficha chakula chake ndani ya boksi akitafute kwa pua, mfundishe jambo moja kila wiki, halafu uniambie.

Naweza kuweka haski na kijibwa nyumba moja?

Inawezekana lakini usiwaache peke yao, hata wakipendana. Haski ana silika ya kuwinda nzito, paka, kuku, na kitu kidogo kinachokimbia kikilia wiii. Mi nilikosea. Mwaka wa pili nilimleta Pilipili keneli, mbwa walimnusa wote vizuri, nikajiamini, akaona kindi akatimua mbio huku anapiga kelele nyembamba, na Mandazi, Mandazi yule mpole nilimlea kwa mkono, akabadilika macho. Nilimdaka Pilipili hewani. Hakuna aliyeumia ila mikono ilinitetemeka mpaka jioni, na Mandazi hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu.

Haski anaweza kuishi Dar? Mombasa?

Anaweza kuishi kama wewe unavyoweza kuishi na koti la sufi Kariakoo saa saba mchana. Nairobi au Arusha juu kuna ubaridi, ukimtembeza alfajiri na usiku anasogea. Pwani nakuomba usifanye. Na kumnyoa sio dawa, yale manyoya yanazuia jua pia, ukinyoa yanaweza kuota vibaya na ngozi inaungua. Mchane tu, mara mbili kwa mwaka atamwaga ya ndani utajaza magunia.

Ukiona anahema kupita kiasi, fizi nyekundu sana, mate mazito, anayumba kama mlevi, hiyo ni dharura: kivulini, maji ya kawaida mwili mzima, feni, halafu daktari wa mifugo. Ukitaka rafiki wa kukimbia naye pwani chukua mbwa wetu wa kienyeji, joto analijua toka kwa babu yake, ana akili, mfungie hanesi na kamba kiunoni mkimbie wote. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka usiruke, na yeyote aking'atwa na mbwa asiyejulikana aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula cha nyumbani si nampa tu?

Ugali na dagaa sawa, wali na nyama sawa. Mchuzi hapana, na hili ni letu haswa kwa sababu hatupiki bila kitunguu: vitunguu maji na thomu vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, kijibwa cha kilo tatu hahitaji kingi. Zabibu, chokoleti, mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Mlioko Marekani someni kopo la siagi ya karanga, zingine zina sukari inaitwa zailitoli, hiyo inaua.

Mi ni muislamu, nafanyaje?

Muulize shekhe wako, mi naeleza nilivyolelewa tu. Kwetu pwani wengi ni Shafi, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, unaosha mara saba moja kwa udongo. Wamaliki wao hawamhesabu mbwa najisi. Mbwa wa kuwinda na kulinda wametajwa kuruhusiwa. Mimi nna nguo za kazi zinazobaki kibandani, chumba cha kuswalia Pilipili haingii, na yeye anajua, anakaa kizingitini ananisubiri.

Naweza kuja Marekani na mbwa wangu kutoka nyumbani?

Tangu 1 Agosti 2024 sheria imekaza. Mbwa awe amefikisha miezi sita, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na fomu ya CDC (idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) ijazwe. Kenya na Tanzania ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo kuna na cheti cha chanjo, kipimo cha damu kwenye maabara wanazokubali au karantini siku 28, na unaingilia viwanja maalumu tu. Anza miezi mingi kabla, angalia tovuti yao wenyewe, usimsikilize mtu wa kwenye grupu.

Nimeona nafasi ya kuchukua haski mstaafu, niende?

Nenda. Wanastaafu miaka minane, tisa, kumi, na ni wapole kuliko watoto. Ila wengi hawajawahi kuona ngazi, kioo, tivii, sakafu ya kuteleza. Mmoja tuliyempeleka kwa familia alisimama mlangoni saa nzima anaangalia zulia. Wiki ya pili wakatutumia picha yupo kwenye kochi miguu juu.

La mwisho, kijibwa anaweza kuvuta sledi?

Kuna bwana mmoja, John Suter, aliingia Iditarod na mbwa aina ya pudli, wale wakubwa, kuanzia 1988 mpaka 1991, na walifika Nome. Lakini manyoya yao yalishika barafu, miguu ikapata shida, baadaye wakaweka kanuni kwamba ni mbwa wa kaskazini tu.

Pilipili nilimshonea hanesi kwa mkanda wa begi, nikamfungia boksi tupu la maziwa. Akatembea hatua tatu, boksi likamfuata, akashtuka akakimbia, boksi likakimbia, akaingia chini ya gari akagoma kutoka. Nikamwita dakika ishirini, jii, hoo, njoo mwanangu, hamna. Alitoka niliposema “supu”.